Matundu, nyufa na kengele ya tanuru: kutafuta chanzo cha matatizo katika kuyeyusha na kusubu chuma

Karakana nyingi za kusubu chuma za Lubumbashi, na hata za Likasi na Kolwezi, huku Katanga nchini Kongo, zinafanana: tanuru la umeme la induksheni la kilo 500 hadi tani 2, ukuta wa ndani wa pise ya silika (unga wa silika uliopigwa ukashikana), na mitraye (vyuma chakavu) inayoingia kwa malori kutoka kila pembe ya mji. Kinachotoka ni taya za kuvunjia mawe, sahani za ndani za vinu, nyundo za krasha na magurudumu ya vigari vya migodini. Makosa nayo yanajirudia, na ndiyo yaliyopangwa hapa chini kwa dalili zake.

Jambo moja litangulie, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Tanuru la aina hii linayeyusha tu, kazi ya kusafisha si yake. Viwanda vikubwa huondoa kaboni kwa kupuliza oksijeni, fosforasi kwa skori (taka iliyoyeyuka inayoelea juu ya chuma) ya chokaa yenye oksidi nyingi, na hidrojeni kwa ombwe. Ukuta wa silika haukubali skori ya chokaa: viwili hivyo vinayeyushana na ukuta unaliwa. Kikwazo hicho ni cha zamani. Henry Bessemer alitangaza njia yake ya kutengeneza chuma mwaka 1856, lakini madini ya chuma yenye fosforasi yakamshinda kwa sababu chombo chake kilikuwa na ukuta wa silika; ilibidi kusubiri Thomas na Gilchrist, mwishoni mwa miaka ya 1870, na ukuta wao wa dolomiti. Kwa hiyo salfa, fosforasi na shaba vilivyoingia na mitraye utavikuta ndani ya kipande. Ukitafuta chanzo, anzia kwenye lundo uwanjani, ndipo uje tanurini na kwenye poshi (chombo cha kumiminia chuma cha maji).

Kipande kina matundu, au maseloti (akiba ya chuma ya kukijaza kipande) imevimba badala ya kuzama

Kata kipande kibovu au kivunje, utazame tundu lenyewe. Tundu la mviringo lenye kuta laini ni la gesi. Tundu lenye kuta za kukwaruza, zilizojaa vijimiti vidogo kama matawi ya mvinje, ni la kusinyaa: chuma kiliganda kikakosa cha kuijaza nafasi. Hilo la pili halihusiani na gesi hata kidogo. Chuma hupungua ujazo kwa takriban asilimia 3 kinapoganda, mbali na kile kinachopungua kikiwa bado cha maji, na dawa yake ni maseloti iliyo juu ya sehemu nene na inayoganda ya mwisho. Pa kuanzia: gawanya ujazo kwa eneo la uso unaopoza, kwa kipande kisha kwa maseloti. Namba ya maseloti iwe angalau mara 1.2 ya namba ya kipande. Karakana nyingi zinahangaika na alumini miezi mizima wakati kasoro yao ni maseloti nyembamba.

Kama ni gesi, angalia imekaa wapi. Matundu yamejikusanya upande mmoja, karibu na kiini cha mchanga (umbo linaloacha uwazi ndani ya kipande) au kwenye uso wa juu, na vipande vingine vya poshi ileile ni vizima? Gesi imetoka kwenye kalibu. Yametapakaa kila mahali, katika vipande vyote vya myeyusho mmoja? Gesi ilikuwa ndani ya chuma kabla hakijamiminwa.

Chanzo kinachoongoza ni chuma kutotulizwa vya kutosha. Oksijeni iliyobaki ndani yake inakutana na kaboni wakati wa kuganda, inazaliwa gesi ya monoksidi ya kaboni, na kipande kinatobokatoboka chini ya ngozi. Jaribio lake ni rahisi na halina gharama: chota chuma kwa kijiko kikavu kilichopashwa moto, mimina kwenye kijikombe cha mchanga mkavu chenye upana wa sentimita 5 na kina cha 7 hivi. Uso ukizama katikati, chuma kimetulia. Ukipanda, ukarusha cheche au ukachemka, usimimine kwenye kalibu.

Utaratibu wa kutuliza una mpangilio wake: feromanganizi kwanza, ikifuatwa na ferosilikoni, zote tanurini dakika chache kabla ya kumwaga, alumini huja mwisho, poshini. Kwa kalibu za mchanga mbichi weka gramu 800 hadi kilo 1 ya alumini kwa tani ya chuma, ili ibaki kati ya asilimia 0.03 na 0.06 ndani ya kipande. Alumini ni nyepesi, inaelea. Ukiitupa juu ya poshi itaungua hewani na kwenye skori, na fundi ataapa, tena kwa haki, kwamba aliiweka. Ifunge kwenye ncha ya nondo kavu uizamishe, au iingize chini ya mkondo poshi ikiwa imejaa robo hadi theluthi. Tazama pia alumini hiyo imetoka wapi: ya vipuri vya injini mara nyingi ina silikoni kama asilimia 10, pamoja na shaba na zinki, kwa hiyo kilo moja yake haifiki kilo moja ya alumini safi. Kuzidisha nako kuna bei. Katika kipande kinene, alumini nyingi hushikana na nitrojeni kwenye mipaka ya chembe, na kipande huvunjika kikionyesha nyuso kubwa bapa zinazong'aa. Halafu usichelewe: poshi ikikaa zaidi ya dakika 10 hivi, hewa na skori vinakula alumini na chuma kinarudi kulekule.

Cha pili ni unyevu, na hapa kalenda inasema mengi. Kama mabovu yanaongezeka kuanzia Novemba na kupungua mvua zikikoma, umeshapata jibu. Kutu ya mitraye imebeba maji ndani yake. Feroaloi (feromanganizi, ferosilikoni na nyingine za aina hiyo) zilizowekwa sakafuni zinavuta unyevu. Chokaa ni mbaya kuliko vyote: iliyovuta maji inaonekana kavu mkononi, lakini haiyaachi mpaka ipite nyuzi 500. Poshi iliyojengwa jana, pise mpya na mafuta kwenye vipuri huongeza sehemu yao. Maji yakigusa chuma cha maji yanaachia hidrojeni, na chuma kinapoganda kinaweza kushika karibu theluthi tu ya hidrojeni kilichokuwa nayo. Iliyobaki inatafuta njia ya kutoka.

Alumini haiondoi hidrojeni. Kinachosaidia ni kuizuia isiingie: mitraye chini ya bati, feroaloi zikaushwe kwa nyuzi 300 au zaidi kwa saa kadhaa siku ileile ya kazi, poshi ipashwe mpaka ndani iwe nyekundu, na myeyusho wa kwanza baada ya kupiga pise mpya usimiminwe kwenye kipande cha mteja. Mimina vitu visivyo na mashaka, kama vile uzani wa kukandamizia kalibu. Wenye mitungi ya argoni wanaweza kuipitisha taratibu chini ya poshi kwa dakika 3 hadi 5. Inasaidia zaidi kupandisha uchafu kuliko kutoa hidrojeni. Njia ya viwanda ya kuchemsha chuma kwa oksijeni ili kaboni ibebe gesi nje usiijaribu kwenye tanuru la silika: oksidi ya chuma itaula ukuta, na chuma kitaruka.

Kalibu inafuata. Mchanga mbichi wa chuma uwe na unyevu wa asilimia 3 hadi 4.5. Kiini kilichopakwa rangi ya kinga kikaushwe mpaka kisitoe harufu wala mvuke. Toboa njia za hewa; mchanga uliopigwa kupita kiasi unaziba gesi kama ule wenye udongo mwingi.

Nitrojeni ni nadra zaidi. Matundu yake huwa marefu membamba, karibu kama nyufa, na chanzo chake ni gundi za viini zenye urea, kaboni ya kuongeza ya bei rahisi, au kukishikilia chuma moto muda mrefu bila kifuniko. Badilisha kaboni kwanza, kabla ya kununua ferotitani ya kukamata nitrojeni.

Tanuru linarusha chuma wakati wa kupakia

Simamisha upakiaji. Usiulize kwanza nani kaleta mitraye hiyo.

Maji yanapogeuka mvuke yanatanuka zaidi ya mara 1,600, na yakiwa chini ya chuma cha maji hayana pa kwenda ila juu, pamoja na chuma. Sababu ya kawaida ni mitraye yenye maji au kutu nzito iliyotupwa kwenye chuma kilichokwisha kuyeyuka. Pakia iliyo kavu, na kipande chenye shaka kiweke ukingoni juu kipate joto kabla ya kuzama. Pili ni vyombo vilivyofungwa: shokamzoba, mitungi ya gesi, mabomba yaliyozibwa ncha mbili, silinda za jeki. Vikate vyote nje, bila kubagua, hata kinachoonekana kitupu. Maganda ya risasi na mabomu ya zamani hayakatwi wala hayapakiwi. Yaachwe yalipo na waitwe wanajeshi wa kutegua.

Mabati ya zinki hayarushi sana, ila yanatoa moshi mweupe mzito, kwa kuwa zinki huchemka kwa nyuzi 907, wakati chuma bado kigumu. Anayeuvuta hupata homa na baridi jioni yake. Risasi ya betri ni mbaya kwa njia nyingine: inazama, inapenya kwenye ufa mdogo wa pise na kuelekea kwenye koili ya umeme inayozunguka tanuru.

Kuna kitu kisichoruka wala kutoa moshi, na hicho ndicho cha kuogopwa zaidi. Migodi hutumia vipimo vya uzito wa tope na vya kina cha silo vyenye chanzo cha mionzi, mara nyingi sesiamu-137, ndani ya kasha zito la risasi. Kikiingia kwenye mitraye kikayeyushwa, tanuru, vumbi na eneo zima vinachafuka. Mwaka 1998 tanuru la Acerinox kusini mwa Hispania liliyeyusha chanzo kimoja cha sesiamu, na wingu lake likapimwa hadi nchi nyingine za Ulaya. Ukiona kasha zito kuliko umbo lake, lenye alama ya pembetatu ya mionzi au mabaki yake, usilikate na usilihamishe. Ondoa watu, zungushia kamba, na taarifa ifike serikalini kwa wenye dhamana ya mionzi.

Kipande kimepasuka au kimevunjika kwa pigo dogo

Sura ya ufa inakueleza ulizaliwa lini. Uso wa ufa ukiwa mweusi au wa buluu, wenye kona nyingi, umetokea kalibuni chuma kikiwa karibu kuganda. Ukiwa safi, umenyooka na unang'aa, umetokea baadaye, kipande kimeshapoa.

Ufa wa moto mara nyingi unatokana na umbo: kona kali, sehemu nene iliyoungana ghafla na nyembamba, kiini kigumu kisichokubali kubanwa wakati kipande kinasinyaa. Viringisha kona na lainisha kiini kabla ya kugusa kemia. Ndipo utafute salfa. Salfa ikiungana na chuma hutengeneza kitu kinachobaki maji hadi nyuzi 988, na kitu hicho hukaa mipakani mwa chembe, kila kitu kingine kikiwa kimeshaganda. Manganizi huikamata salfa kabla haijafika huko, ndiyo maana chuma cha kawaida cha kusubu hakifai kuwa na manganizi chini ya asilimia 0.5. Salfa yenyewe iwe chini ya 0.04. Ikipita, punguza mitraye yenye mafuta, boliti na shafti za chuma laini cha mashine, na kokeni inayotumiwa kama kaboni. Kuitoa kwa chokaa poshini kunawezekana: kilo 10 hadi 15 kwa tani, na mawe ya florini (fluorspa) kidogo, chuma kikiwa kimeshatulizwa kwa alumini na kinakorogwa. Lakini hiyo ni kwa poshi yenye ukuta wa manyezia (oksidi ya magnesiamu) au alumina (oksidi ya alumini). Kwenye poshi ya silika utapoteza chokaa na poshi.

Kipande kinachovunjika baridi, chembe zake zikionekana kubwa na kung'aa, mshuku fosforasi. Inaingia kwa fonti, yaani chuma cha kusubu chenye kaboni nyingi: vitalu vya injini, majiko ya zamani, mabomba ya maji machafu. Tenga fonti mbali na chuma tangu langoni. Anayechanganya kwa ajili ya kupata kaboni ya bure ananunua fosforasi pamoja nayo.

Shaba ni ugonjwa wa hapa kwetu, na inastahili nafasi yake. Mitraye ya Katanga imejaa mota ambazo waya wake haukutolewa wote, vipande vya kebo, bushi za shaba zilizokwama kwenye vyuma. Oksijeni hula chuma kabla ya kula shaba, kwa hiyo hakuna kupuliza wala skori itakayoitoa. Hata viwanda vikubwa vya dunia havina njia ya kawaida ya kufanya hivyo. Katika kipande cha kusubiwa hadi asilimia 0.3 haileti shida kubwa. Matatizo yanamfika anayefua au kusokota chuma hicho baadaye, kwa mfano anayefua mipira ya vinu. Kwenye tanuru la kupashia, chuma cha juu kinageuka magamba, shaba inabaki chini yake, na kwa kuwa inayeyuka kwa nyuzi 1,084 inapenya mipakani. Uso unachanika kwa nyundo ya kwanza. Metali ya bati huongeza ubaya huo, nikeli huupunguza kwa bei isiyolipika.

Dawa iliyopo ni kuzimua. Una myeyusho wa shaba asilimia 0.5 na mitraye safi ya reli yenye 0.1? Nusu kwa nusu vitakupa 0.3. Kutoa waya kwa mkono kabla ya kupakia ni rahisi kuliko hesabu hiyo, na shaba ina soko lake.

*Taya ya manganizi iliyovunjika* ina njia yake. Chuma hiki, alichokigundua Robert Hadfield mwaka 1882, kina manganizi asilimia 11 hadi 14 na kaboni 1.0 hadi 1.4, manganizi iwe angalau mara 10 ya kaboni. Kikitoka kalibuni ni dhaifu kama kigae, kwa sababu kabidi (muungano mgumu wa kaboni na metali) imejipanga mipakani. Kinapashwa taratibu hadi nyuzi 1,050 au zaidi kidogo, kinashikwa hapo saa moja hivi kwa kila milimita 25 za unene, kisha kinazamishwa majini bila kusitasita. Chanzo kikuu cha kuvunjika ni safari ya polepole kutoka tanuru la kupashia hadi kwenye maji, au pipa dogo ambalo maji yake yanachemka. Anza na sumaku: saga ngozi milimita mbili tatu, kisha gusa. Isishike. Ikishika, kaboni au manganizi ni pungufu, au upoaji ulikuwa wa polepole. Kama kemia iko sawa, rudia kupasha na kuzamisha. La pili kwa wingi ni chuma kumiminwa kikiwa moto mno, kikawa na chembe kubwa. Kabla ya kumimina kiwe kati ya nyuzi 1,420 na 1,470, chini sana ya chuma cha kawaida. Hapo hakuna marekebisho, kipande kirudi tanurini. Mwisho kabisa, wapo wanaoharibu taya nzima baada ya kazi yote kwa kulehemu au kukata maseloti kwa gesi mpaka chuma kikawa chekundu pembeni. Kisipite nyuzi 300 umbali wa vidole viwili kutoka kwenye mkato.

Karatasi ya maabara haifanani na hesabu

Kabla ya kutilia shaka maabara, jiulize uzito wa tanuru ulipimwa au ulikisiwa. Kukisia ndiko kunakoongoza. Mzani wa kuning'iniza kwenye kreni unajilipa ndani ya muda mfupi. Hesabu yenyewe ni fupi: kwa tani moja, kupandisha manganizi kwa asilimia 0.40 kunahitaji kilo 4 za manganizi. Feromanganizi ya asilimia 75, ikiingia kwa asilimia 90, inatoa 0.675 kwa kila kilo. 4 gawanya kwa 0.675 ni kilo 5.9. Kaboni ya asilimia 0.10 ni kilo 1. Grafiti ya asilimia 98 inayoingia kwa 85 inataka kilo 1.2. Grafiti ikae chini pamoja na mitraye ya kwanza. Ikiwekwa juu ya skori itaungua tu. Makaa ya kuni yana salfa kidogo, ni kweli, ila ni mepesi, yanavuta unyevu na hujui kilichoingia.

Sampuli nayo isikudanganye: ichukuliwe baada ya kuondoa skori na kukoroga, itulizwe kwa kipande cha alumini kijikoni, imiminwe kwenye kalibu ya shaba nene na kusagwa bapa. Yenye matundu haifai kusomwa.

Kaboni, manganizi na silikoni vikishuka vyote pamoja, mitraye ilikuwa na kutu nyingi. Kaboni ikishuka huku silikoni ikipanda, kuna hatari zaidi: chuma kimekaa moto mno na kaboni inaila silika ya ukuta, vijipovu vikionekana kando ya pise. Shusha joto. Manganizi ikishuka na silikoni kupanda ni ukuta uleule unaoliwa kwa njia nyingine, na ndiyo sababu chuma cha Hadfield hakifai kuyeyushwa kwenye silika. Kitafutie pise ya manyezia.

Chuma kinaganda poshini, au hakijazi kalibu

Karibu kila mara ni poshi baridi. Chuma chenye kaboni 0.25 kinaanza kuganda karibu na nyuzi 1,510. Kimwagwe kalibuni kwa 1,570 hadi 1,600. Poshi ndogo iliyopashwa vizuri inaweza kukuondolea nyuzi 40 hadi 60 wakati wa kumwaga tu. Isiyopashwa, zaidi ya 100. Wengi hufidia kwa kupandisha tanuru hadi 1,680. Ni kosa: pise ya silika inaliwa haraka kupita 1,650, gesi inaongezeka, na chembe zinakuwa kubwa. Pasha poshi kwa saa kadhaa, ukuta wake uwe mwekundu wa machungwa. Joto lipimwe kwa kipimajoto cha kuchovya, kifike sentimita 15 ndani ya chuma. Cha kulenga kwa mbali husoma skori na moshi.

Uchafu ndani ya kipande

Mchanga uliobomoka au skori iliyopita na mkondo. Tandaza silika kavu au perlaiti juu ya chuma tanurini, ishikamane na skori iwe ngumu, iondoe kwa reki, rudia. Acha poshi itulie dakika moja au mbili. Poshi ya kumimina kutoka chini, au yenye ukingo wa birika, inazuia skori kuliko mikono ya mtu. Mkondo mrefu nao ni chanzo: kadiri chuma kinavyoanguka hewani ndivyo kinavyozaa oksidi mpya baada ya kutulizwa. Poshi isogee karibu na mdomo wa kalibu.

Tanuru lenyewe: daraja, kengele, umeme kukatika

Hapa hakuna kujaribujaribu.

Mitraye ya juu haishuki, umeme unaliwa, na huoni chuma cha maji: limejengeka daraja. Chini yake chuma kinapanda joto bila kipimo na kuula ukuta. Mita ya umeme ni shahidi mzuri, maana kuyeyusha tani moja kwenye tanuru hizi huchukua kilowati-saa 550 hadi 650; ukiwa umeshalipa kiasi hicho na juu bado kuna mitraye nyekundu iliyoshikana, usiongeze umeme. Zima. Ondoa watu mbele ya mdomo na jukwaani. Inamisha tanuru polepole ili chuma cha ndani kiguse daraja na kulitoboa. Likitoboka, kazi inaendelea kwa nguvu ndogo. Lisipotoboka, acha kila kitu kigande, maji ya koili yakiendelea kupita, na mwite mtaalamu wa tanuru hilo. Kulipiga kwa nondo mtu akiwa amesimama juu yake kumeua watu sehemu nyingi za dunia. Kuzuia ni bora: mitraye ndefu na iliyopinda ikatwe, isizidi theluthi ya kipenyo cha tanuru.

Kengele ya uvujaji wa umeme kwenda ardhini ina visababishi vya kawaida visivyo vya kutisha, kama unyevu wa pise mpya, mpira wa maji unaodondosha, vumbi la chuma kwenye koili. Lakini ichukulie kwanza kwamba chuma kimepenya na kinaelekea kwenye koili yenye maji. Zima umeme, mwaga chuma chote kwenye kalibu kavu za dharura, ndipo uchunguze. Kuizima kengele ili kumalizia myeyusho ni kuweka rehani maisha ya kila aliye karakana. Pima unene wa ukuta kila wiki, kwa fimbo yenye alama au kwa kipimo cha kipenyo. Ukishaliwa theluthi ya unene wake wa awali, bomoa na upige mpya. Anayebomoa na anayepiga pise wavae barakoa za vumbi laini, kwa kuwa vumbi la silika linakaa kwenye mapafu halitoki.

Kuran ikikatika chuma kikiwa ndani, maji ndiyo ya kwanza: tangi la juu au pampu ya jenereta lishike kazi mara moja, kwa sababu joto la ukuta linaendelea kuipasha koili kwa saa nyingi. Maji yanayotoka yasipite nyuzi 65. Kama hujui umeme utarudi lini, mwaga chuma kingali kinamwagika. Kikishaganda ndani, usikiyeyushe tanuru likiwa wima: liinamishwe kidogo, nguvu ziwe ndogo, ili chuma cha kwanza kuyeyuka kipate mwanya wa kutanukia na kutoka, kisifungiwe chini ya ganda gumu.

Koili inayovuja, mipira ya maji iliyo upande wa umeme, na kabati la kapasita: hayo ni ya fundi wa umeme mwenye ujuzi wa matanuru hayo. Kapasita hubaki na chaji hata swichi kuu ikiwa imezimwa, na lazima ziondolewe chaji na kuunganishwa na ardhi kabla ya mkono wowote kuingia ndani.